Pikapu Iliyokula Krosi

Mwaka 2014 nilikuwa naendesha pikapu ya mjomba wangu, gari la dizeli la mwaka 1993. Alfajiri tulishusha kabeji kutoka Limuru hadi soko la Marikiti, Nairobi, na injini haikuwahi kutulaza njiani. Tatizo lilikuwa propela shafti, lile bomba la chuma linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma. Ilikula krosi, vile viungo vya umbo la msalaba vinavyoiwezesha shafti kuzunguka kwa pembe. Ukiweka mpya, baada ya wiki chache unasikia tena mlio mwembamba chini ya sakafu kama kifaranga aliyepotea, kisha mtetemo, kisha kishindo kila ukiachia klachi.

Kila fundi alikuwa na mshukiwa wake. Mmoja alisema krosi tulizonunua kwenye maduka ya spea ya Grogan zilikuwa feki, tukatafuta halisi kwa bei iliyomuuma mjomba. Mwingine akalaumu mzigo. Mwingine akabadilisha senta beringi, ile inayoishikilia shafti katikati, na hazikupita siku nyingi sili ya nyuma ya giaboksi, inayozuia oili, ikaanza kuvuja. Hakuna aliyeniuliza gari linatetemeka likiwa kwenye mwendo gani. Mpaka leo naamini fundi asiyeuliza hilo anakuuzia spea tu.

Kisha krosi ya nyuma ikakatika tukiteremka Kangemi na mzigo. Shafti ilianguka ikawa inapiga lami, nami nikatia gia ndogo ili gari lijizuie. Wapi! Shafti ikishakatika, gia haishiki magurudumu. Breki ndizo zilizotuokoa, na utingo akaruka chini kutafuta mawe. Siku hiyo niliogopa kweli, maana pale stejini watu walikuwa wamejaa.

Mjomba alitaka kuiuza. Nilimwomba, "Mjomba, nipe wiki hii moja tu." Akakubali, shingo upande.

Tulitia krosi nyingine, nikaenda Waiyaki Way mapema, kabla ya matatu kujaa. Kwenye kilomita 60 kwa saa mtetemo ukaanza. Nikakanyaga klachi, injini ikatulia kabisa, lakini sakafu bado inatetemeka. Nikashuka gia, mwendo ule ule: vilevile. Basi injini haimo, klachi haimo. Magurudumu yalikuwa yamebalansiwa. Kilichobaki ni kile kinachozunguka kati ya giaboksi na difu, zile gia za ekseli ya nyuma: propela shafti yenyewe.

Nilimpelekea habari hizo kijana mmoja wa Kariobangi Light Industries aliyezoea malori. Hakugusa spana. Alilala chini ya gari, akafuta matope na grisi kwa kitambaa chenye dizeli, akaniita.

"Hebu angalia masikio ya shafti, kaka. Ya mbele yanatazama wapi, na ya nyuma je?"

Hayakuwa sambamba. Yale masikio ya chuma yanayoshika krosi upande mmoja yalikuwa yamegeukia pembeni kidogo, hayakutazama sawa na ya upande wa pili. Shafti ile ina sehemu yenye meno inayoteleza ndani ya nyingine, na mtu aliyeichomoa wakati wa kubadilisha klachi aliirudisha kwa kukadiria. Krosi inayofanya kazi kwa pembe haizunguki kwa mwendo mmoja; katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Krosi ya pili ndiyo inayosawazisha hayo, lakini ni pale tu masikio ya pande zote mbili yanapolingana. Yetu hayakulingana, kwa hiyo kila kilomita ilikuwa inapiga krosi, senta beringi na sili kwa pamoja. Chini ya uchafu tulikuta hata mishale miwili iliyochongwa kiwandani, kila mmoja ukitazama kwake.

Akachomoa, akalinganisha mishale, akarudisha. Kazi ya muda mfupi mno. Niliupita ule mwendo wa kilomita 60 kwa saa nikiwa nimeshika usukani kwa nguvu, na sakafu ikatulia. Tulipakia kabeji, ikatulia pia. Nilifurahi sana, na nikakasirika kwa ajili ya pesa zote za mjomba.

Mjomba alichora mstari wa rangi nyeupe kukatiza pale shafti inapoungana. Klachi ilipobadilishwa tena mwaka 2016, alisimama juu ya fundi hadi mstari ulipokutana.