Bangili za Fedha na Mwani Uliooza

Kisiwa kilikuwa na boti moja ya mizigo, nayo iliondoka bahari ikiruhusu, kwa hiyo kazi kubwa ya maonyesho yetu ya kazi za mikono ilikuwa kufungasha. Kila chungu kilipewa boksi lake, na boksi likaingia katika sanduku la mbao lenye sponji ya sentimita 5 pande zote sita. Karatasi ya ndani ya chungu iliwekwa kidogo tu. Ikishindiliwa, mtikisiko wa safari huipasua kazi kutokea ndani. Ukumbini masanduku yalikaa mpaka kesho yake bila kufunguliwa, ili mbao na ukili (misuko ya majani) vizoee hewa taratibu.

Ukumbi ulitazama bahari. Unyevu ukikaribia asilimia 75, chumvi iliyotua juu ya vitu hunyonya maji, na kutu huanzia hapo. Tulitundika vitambaa kwa pini za chuma kisichoshika kutu, maana doa la kutu kwenye uzi halitoki bila kuumiza uzi wenyewe.

Fedha ndiyo iliyotusumbua. Bangili zilianza umanjano kwenye kingo, kisha zikawa kahawia, na zile za katikati ya kabati zikatangulia nyingine. Mwani uliooza ufukweni hutoa gesi ya salfa, hilo lilijulikana. Lakini kabatini mlikuwa na mkeka wa mpira chini ya kitambaa, na mpira nao huwa na salfa. Mkeka ulitolewa, nyufa za mlango zikazibwa, na kitambaa chenye mkaa wa kunyonya gesi kikatandikwa chini. Bangili zilisuguliwa kwa chaki laini na maji, sehemu zilizong'arishwa tu. Weusi wa ndani ya nakshi aliuweka sonara kwa makusudi, na kuufuta ni kuiharibu kazi yake.

Meza ya vitu vya kugusa ilijaa watu kuliko makabati, na ilistahili: wenyeji wanaosuka vikapu hupima ukili kwa vidole, na vipande vilivyokuwa juu yake viliandaliwa kwa ajili hiyo.

Wakati wa kufunga maonyesho, vumbi laini lilionekana chini ya vikapu viwili: wadudu. Vikatiwa katika mifuko ya plastiki, hewa ikakamuliwa, vikakaa wiki mbili kwenye friza ya samaki, nyuzi 20 chini ya sifuri. Mifuko haikufunguliwa mpaka baridi yote ilipoisha, la sivyo umande ungetua juu ya ukili wenyewe na kuleta ukungu.