Trinidad inatoa hewa ukaa kidogo kuliko zamani, ila tuangalie sababu

Ukiangalia grafu ya hewa ukaa ya Trinidad na Tobago utaona mstari umepanda miaka na miaka, ukafika kilele karibu na 2010, halafu ukaanza kushuka, na mtu asiyejua habari za kule atasema hongereni, wamejitahidi. Mi nimekuwa nafuatilia hii nchi muda sasa kwa sababu ya gesi yetu ya kusini mwa Tanzania, na kwa kweli huo mstari unanipa mawazo sana.

Kwanza ujue ni nchi ndogo. Visiwa viwili kule Karibi, pembeni kabisa ya Venezuela, watu milioni 1.4 hivi, yani Dar tu inawazidi mara kadhaa. Lakini ukigawa hewa ukaa yao kwa idadi ya watu inakuja zaidi ya tani 20 kwa kila mtu kwa mwaka, wakati wastani wa dunia haufiki tani 5 na sisi Tanzania hatufiki hata nusu tani. Sasa usidhani kila mwananchi wa kule ana magari matano na AC kila chumba, hapana, sehemu kubwa ya huo moshi inatoka viwandani, na viwanda vyenyewe vingi viko sehemu moja inaitwa Point Lisas, pale Couva, zamani yalikuwa mashamba ya miwa. Miaka ya 1970 bei ya mafuta ilipopanda serikali ya waziri mkuu Eric Williams ikaamua gesi isichomwe hovyo kwenye visima, ijengewe viwanda, ndo vikaja viwanda vya amonia (malighafi ya mbolea), methanoli (kemikali ya viwandani inayotengenezwa kwa gesi) na chuma, na nchi ikawa moja ya wauzaji wakubwa wa amonia na methanoli duniani. Ukiniuliza ulikuwa uamuzi wa akili sana kwa wakati ule, nchi imetoka kwenye ukoloni 1962 tu na tayari inataka kusindika mali yake yenyewe.

Sasa hapa kwenye amonia naomba tukae kidogo maana watu wengi wanafikiri hewa ukaa ya kiwandani ni ule moshi wa kuchoma mafuta basi. Amonia inataka haidrojeni na naitrojeni. Naitrojeni wanaitoa hewani, haidrojeni wanaitoa kwenye gesi asilia, wanaipitisha gesi na mvuke kwenye joto kali mpaka haidrojeni inaachana na kaboni, na ile kaboni inashikana na oksijeni inatoka kama hewa ukaa. Kwa hiyo hata umeme wote wa kiwanda ungekuwa wa jua bado hiyo hewa ingetoka tu, maana imo ndani ya malighafi yenyewe! Ukijumlisha na gesi inayochomwa kupata joto, tani 1 ya amonia inaacha nyuma kama tani 2 za hewa ukaa, pungufu kidogo. Halafu amonia inapanda meli, kwa miaka mingi nyingi ilikuwa inaenda Marekani kutengenezwa mbolea, mahindi yanastawi huko ila ile hewa ukaa inabaki imeandikwa kwenye daftari la Trinidad. Hii mi naona sio haki.

Zuri ni kwamba hewa ukaa ya amonia inatoka karibu safi, haijachanganyika sana kama moshi wa bomba la boila, kwa hiyo kuikamata ni rahisi kidogo, na tangu miaka ya 1970 walishajaribu kuisukuma chini kwenye visima vya mafuta vya Forest Reserve ili mafuta yatoke zaidi. Utaalamu upo, ila haujafanyika kwa ukubwa wa kubadilisha grafu.

Basi kilichoishusha ni nini? Gesi imepungua, ndo hivo. Uzalishaji ulipita futi za ujazo bilioni 4 kwa siku kwenye 2010, miaka ya karibuni unacheza kwenye bilioni 2 na nusu. Kiwanda kikubwa cha chuma kikafungwa 2016 soko la chuma lilipoharibika, mwaka 2018 ikafungwa refainari (kiwanda cha kusafisha mafuta) ya Pointe-à-Pierre maelfu ya watu wakakosa kazi, mwisho wa 2020 mtambo wa kwanza wa LNG, yani gesi asilia inayopozwa mpaka iwe kimiminika ili isafirishwe kwa meli, pale Point Fortin, ule ulioanza 1999, ukazimwa kwa kukosa gesi. Mstari umeshuka kwa sababu hiyo. Ile ahadi yao ya kupunguza 15% ifikapo 2030 kwenye umeme, usafiri na viwanda, ukilinganisha na ambavyo ingekuwa bila hatua zozote, ni ahadi nzuri na inategemea wapate fedha za nje, lakini viwanda vilianza kuzimika vyenyewe, na familia za Couva na Pointe-à-Pierre ndo zimelipa.

Sisi tunatumia gesi ya Songo Songo tangu 2004, tuna gesi ya bahari kuu, tunaongelea LNG ya Lindi mwaka nenda mwaka rudi, na kiwanda cha mbolea cha Kilwa nacho kimeongelewa sana. Mi sipingi kabisa, mkulima wa Songea anahitaji mbolea ya bei nafuu na vijana wa Lindi wanahitaji kazi. Ila mikataba ikisainiwa nataka suala la kukamata hewa ukaa liwemo tangu kwenye michoro, maana kuja kufunga hiyo mitambo baadaye kwenye kiwanda kilichozeeka ni gharama kubwa, Point Lisas wanalijua hilo vizuri. Pia tuulize mapema gesi ikipungua mji utaishi kwa kutegemea nini.

Trinidad wenyewe sasa wanasubiri gesi mpya ya eneo la Manatee, kule baharini, kampuni ya Shell waliidhinisha mradi 2024 na gesi inategemewa kuanza kutoka 2027. Ikifika na viwanda vikiwashwa upya bila kukamata chochote, huo mstari utapanda tena.