Stili inayotamka maneno: kumbukumbu ya mradi wa kuipima sauti ya "Forever" ya Pete Drake

Lengo la mradi ni kuthibitisha kwa vipimo, si kwa sikio tu, kinacholia kwenye "Forever", santuri ndogo ya Pete Drake, mpigaji wa stili wa Nashville, iliyotoka mwaka 1964 kwa lebo ya Smash. Anayeisikia mara ya kwanza hudhani ni mwimbaji aliyerekodiwa kupitia simu. Jibu lenyewe halina ubishi: ni gitaa la stili lenye pedali, yaani gitaa lililolazwa, linalopigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi, na pedali zake hubadilisha noti za nyuzi. Sauti yake ilipitishwa kwenye mpira mwembamba hadi mdomoni mwa Drake, naye akaiumba maneno kwa midomo na ulimi, maikrofoni ikayanasa. Ninachotaka ni alama zake za kupimika, maana zipo santuri nyingi za kantri ambazo jalada halitaji mpigaji wala chombo, na hapo alama ndizo pekee za kutegemea.

Kasi kwanza

Vipimo vya masafa havina maana kama santuri inazunguka kwa kasi isiyo yake. Umeme wetu ni hezi 50, wa Marekani ni 60. Pleya ya zamani ya Kimarekani yenye mota inayofuata masafa ya umeme, ukiichomeka huku kwa transfoma ya kushusha volti, itazunguka kwa asilimia 83 tu ya kasi yake, na muziki wote utashuka nusutoni tatu na kitu. Transfoma hubadili volti, masafa inayaacha yalivyo. Dawa ni kubadilisha puli ya mota, au kutumia pleya ya mota ya DC yenye kirekebisha kasi.

Kosa dogo zaidi hukamatwa kwa mvumo wa umeme. Tafuta sehemu tulivu, kama noti ya mwisho inapofifia, kisha itazame kwenye spektrogramu, yaani picha inayoonyesha masafa ya sauti kadiri muda unavyokwenda. Mistari ya hezi 50 na 100 ni mvumo wa nyumbani kwako. Ukiona mstari karibu na 60 au 120, huo umekuja na rekodi kutoka studio, nao ni rula ya bure. Ukikaa 122 badala ya 120, santuri inakimbia kwa asilimia 1.7, yaani karibu senti 29 (senti mia ni nusutoni moja), na hiyo inatosha kuvuruga kila hesabu inayofuata.

Santuri ndogo nyingi za enzi hizo ni za mono. Sindano ya mikroni 25 hukaa vizuri kwenye mfereji wake kuliko ya 18, na kuunganisha chaneli mbili kuwa moja hufuta sehemu kubwa ya mikwaruzo.

Pedali au stili ya mapajani?

Zote mbili hutelezeshwa chuma juu ya nyuzi, kwa hiyo mtelezo peke yake hauthibitishi kitu. Cha kutafuta ni noti inayopanda peke yake huku jirani zake zimetulia. Bud Isaacs ndiye aliyewafanya watu wausikie mchezo huu, kwenye "Slowly" ya Webb Pierce mwaka 1954. Alikanyaga pedali nyuzi zikiwa bado zinalia, wapigaji wengine wakaanza kuhangaika kutafuta pedali.

Katika E9, mpango wa kurekebisha nyuzi kumi za stili yenye pedali, pedali ya A hupandisha uzi wa 5 na wa 10 kutoka B hadi C#, na pedali ya B hupandisha wa 3 na wa 6 kutoka G# hadi A. Pedali zote mbili zikikanyagwa pamoja bila chuma kusogea, uzi wa 5 unatoka hezi 246.9 hadi 277.2, wa 6 unatoka 207.7 hadi 220, na wa 4, ambao ni E, unabaki 329.6. Kwenye spektrogramu ni picha ya wazi kabisa: mistari miwili inakunja kwenda juu, wa tatu umenyooka. Chuma kikiwa mbele zaidi shingoni tarakimu zote hupanda kwa uwiano mmoja, lakini toni nzima na nusutoni hubaki vilevile.

Tatizo linakuja kwenye dirisha la uchambuzi, yaani idadi ya sampuli zinazopimwa kwa mkupuo mmoja. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, dirisha la 8192 hutenganisha masafa kila hezi 5.4, lakini linachanganya muda wa milisekunde 186, na mguu mwepesi huwa umeshamaliza kazi ndani ya muda huo. Dirisha la 4096 hutoa hezi 10.8 na milisekunde 93. Mimi hutumia hilo, kisha naangalia harmoniki ya tatu, yaani mlio wenye masafa mara tatu ya noti, badala ya noti ya msingi: huko B hadi C# ni safari ya kutoka 741 hadi 832, hezi 90 nzima, na mkunjo hauwezi kukupita.

Mtego mmoja: mpigaji stadi wa stili ya mapajani anaweza kuvuta uzi kwa kidole nyuma ya chuma na kupata mkunjo kama huo. Hapo pima noti inakofikia, si inavyopanda. Pedali ina skrubu ya kikomo, kwa hiyo kila mkanyago unatua palepale. Kidole hutua juu kidogo safari hii, chini kidogo safari ijayo. Mikunjo mitatu ya aina moja ndani ya wimbo inatosha kuamua.

Mdomo unavyojionyesha

Kwa maneno, dirisha libadilike. La 512 huchukua milisekunde 12 tu, na badala ya mistari myembamba unaona mawingu mapana ya nguvu yakipanda na kushuka. Hayo ni miinuko ya mdomo, yaani masafa ambayo umbo la kinywa huyakuza. Kwa mwanamume, "i" huweka miinuko karibu na hezi 300 na 2200, "a" karibu na 750 na 1250, "u" karibu na 320 na 800. Wah ya mguu, kichujio cha sauti cha gitaa kinachoendeshwa kwa pedali, haiwezi kufanya hivyo, maana ina mwinuko mmoja unaokwenda mbele na nyuma. Miinuko miwili inayosogea kila mmoja kivyake ni kinywa.

Bado mtu atauliza: mbona asiwe mwimbaji tu? Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki. Tafuta mahali nyuzi mbili zinalia pamoja na neno linatamkwa. Harmoniki za noti zote mbili zitainuka na kufifia chini ya miinuko ileile, kwa wakati uleule. Koo moja haiimbi noti mbili, na waimbaji wawili hawafunguani vinywa kwa usawa wa milisekunde kumi. Kwaya ya nyuma huonekana tofauti kabisa: kila sauti ina mtikisiko wake, mistari inakuwa minene na yenye ukungu.

Vinavyofananishwa nayo

"Don't Worry" ya Marty Robbins, ya mwaka 1961, mara nyingi hutajwa kwenye mazungumzo haya, lakini mkoromo unaosikika mle si wa stili. Ule mkoromo ni gitaa la besi la nyuzi sita la Grady Martin, lililopita kwenye transfoma iliyoharibika ya meza ya studio. Fundi mitambo Glenn Snoddy aliupenda, na mzunguko uliotokana na tukio hilo ukauzwa na Gibson kama Maestro FZ-1, kifaa cha kukoromesha sauti ya gitaa, mwaka 1962. Noti zake hazitelezi, na harmoniki zake zimejaa hadi juu.

Spika ya Leslie, ambayo honi yake huzunguka, hutikisa nguvu na masafa kwa pamoja, takriban mara 6 hadi 7 kwa sekunde ikiwa kasi, chini ya mara moja ikiwa polepole. Tremolo ya amplifaya hutikisa nguvu tu.

Kuijenga ili kulinganisha

Nyenzo za kujenga kifaa cha mpira kama cha Drake zinapatikana kwa mafundi wa spika: yuniti ya honi, ile inayofungwa nyuma ya spika za mikutano na minara, ya omu 16. Weka kapasita isiyo na polariti ya mikrofaradi 33 mfululizo na yuniti. Inazuia sauti za chini ya hezi 300 hivi. Bila hiyo kiwambo kinapasuka haraka, kwa sababu noti nzito hukisukuma mbali bila honi ya kukizuia. Mdomo wa yuniti uunganishwe kwa adapta na mpira wa plastiki angavu wenye kipenyo cha ndani cha milimita 10 hadi 12, urefu wa mita moja na nusu, na ubane kwa klipu. Upenyo mdogo tu kwenye kiungo unaua sauti za juu, na irabu zote zinaanza kufanana na "o".

Amplifaya ya wati 10 inatosha. Ikiwa ni ya valvu, toleo la omu 16 ndilo litumike, na isiwashwe kamwe bila mzigo. Mpira uingie pembeni mwa kinywa sentimita 3 au 4, usikanyage ulimi, maikrofoni iwe karibu kabisa na midomo. Sauti inayotoka ni ndogo, ndiyo maana kifaa cha namna hii kilifaa studio kuliko jukwaa. Usipige kwa nguvu ukitegemea kuisikia chumbani. Sikiliza kwa hedifoni, maana meno hutetemeka kabla sikio halijaridhika.

Gitaa la kawaida linatosha: inua nyuzi kwenye nati (kipande kinachobeba nyuzi mwanzoni mwa shingo), rekebisha E-B-E-G#-B-E, tumia chuma, na pedali ya volumu iwe kabla ya amplifaya. Bila pedali hiyo kila neno linaanza na mdonoo wa ukucha. Ukiichelewesha kidogo baada ya kudonoa, konsonanti ya mdomo ndiyo inayoanza, na spektrogramu inakaribia kabisa ile ya "Forever".

Kinachofuata ni rekodi za Alvino Rey, mpigaji stili wa Kimarekani. Mwaka 1939 aliifanya stili izungumze bila mpira wowote: mke wake, Luise King, alivaa maikrofoni ya kooni na kutamka maneno pembeni, na sauti yake ikaumba ile ya gitaa kwa njia ya umeme. Maikrofoni ya kooni hunasa vibaya konsonanti za meno na midomo, kwa hiyo natarajia miinuko ya irabu iwe wazi na kingo za maneno ziwe butu. Kwanza ipatikane nakala safi.