Siku Moja Maishani Mwangu: Mfamasia wa Wodi, Ini na Bakteria wa Utumbo

Saa 1:30 asubuhi huanza kwa kusoma majibu ya maabara. Leo mgonjwa wa kifua kikuu, aliye katika awamu ya kwanza ya matibabu, ana ALT (kimeng'enya kinachopanda damuni ini linapoumia) iliyozidi mara 5 ya kiwango cha juu cha kawaida, na macho yamekuwa ya njano.

Saa 3:00, wodini, tunakubaliana na daktari kusimamisha dawa zake za kifua kikuu isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, kwa kuwa zote tatu zaweza kuumiza ini. Namgeukia mama yake. "Shikamoo mama. Kuna dawa nyingine anayomeza nyumbani?" Anafungua mkoba na kutoa Panadol pamoja na chupa ya mitishamba isiyo na lebo. Namuuliza pia kama mwanawe amehara au kumeza antibiotiki nyingine karibuni, na daktari mwanafunzi ananitazama kwa mshangao.

Saa 5:00 namjibu kwa nini niliuliza. Karibu robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini hutoka utumboni, kwa hiyo kinachotengenezwa na bakteria huko hulifikia ini kabla ya viungo vingine. Chukua parasetamoli, dawa iliyomo kwenye Panadol: ini huifunga kwa salfeti au kwa asidi ya glukuroniki ili itoke mwilini, na sehemu ndogo hugeuka sumu iitwayo NAPQI, ambayo huzimwa na glutathioni, kinga ya ini, hadi akiba yake inapopungua. Baadhi ya bakteria wa utumbo hutengeneza kemikali iitwayo p-kresoli, nayo hufungwa kwa salfeti ileile. Utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watu waliokuwa na p-kresoli nyingi kwenye mkojo kabla ya dozi walitoa sehemu ndogo zaidi ya parasetamoli iliyofungwa kwa salfeti. Huo si ushahidi kwamba ini lao liliumia, na hakuna anayepanga dozi kwa kupima bakteria. Hata hivyo, unatosha kunifanya niulize habari za tumbo na antibiotiki, kwa kuwa zote zagusa bakteria hao.

Saa 8:00, dirishani, kijana anataka "dawa ya kusafisha ini na utumbo." Namnyima. Kunywa dawa hizo za chupa, kwa maoni yangu, ni kuliongezea ini kazi isiyojulikana.

Saa 9:30 najaza fomu ya madhara ya dawa ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania: dawa zote za mgonjwa, tarehe alizoanza, Panadol, mitishamba, na antibiotiki aliyomeza kabla ya kulazwa. ALT itarudiwa kesho asubuhi. Ikishuka vya kutosha, dawa zitarudishwa moja baada ya nyingine.