Uzoefu wangu: nilivyonyoosha pua na kufungua njia ya hewa kwa operesheni moja

Niseme mapema tusije tukazungushana: mi operesheni ya pua nilifanya kwa sababu mbili, kupumua na sura, na hiyo ya pili wala siionei aibu. Watu wengi nikiwaambia wanataka nichague moja, eti kama ni ugonjwa sema ugonjwa, kama ni urembo sema urembo. Kwenye pua haiendi hivo na ndo sababu naandika, maana ningemsikiliza daktari aliyeangalia upande mmoja tu saivi ningekuwa na pua nzuri ya picha na mdomo wazi usiku kucha.

Pua yangu ilivunjika nikiwa kijana, kiwiko cha mtu kwenye mpira, ikapona yenyewe ikiwa imelala upande. Kwa nje mgongo wa pua ulikuwa na kinundu alafu unakata kona kuelekea kushoto, kwa ndani tundu la kushoto hewa ilikuwa inapita kwa kubembeleza. Unalala mdomo wazi, unaamka koo limekauka, unakoroma mpaka wa chumba cha pili analalamika. Mafua ya kawaida kwangu yalikuwa msiba.

Daktari wa masikio, pua na koo hakukimbilia kisu. Cha kwanza alitaka kujua kama nategemea zile dawa za kupuliza za kuzibua pua, maana ukizitumia zaidi ya siku 3 mpaka 5 mfululizo pua inazizoea, ukiziacha inaziba kuliko mwanzo, alafu ukuta wa kati, ule unaotenganisha matundu mawili kwa ndani, unasingiziwa bure. Akaniuliza pia kama kuziba kunahamahama. Kumbe pua za watu wengi zinapokezana, upande mmoja unavimba kidogo mwingine unafunguka, baada ya masaa kadhaa zinabadilishana zamu, hiyo sio ugonjwa. Yangu ilikuwa upande uleule mwaka mzima. Akanipa dawa ya kupuliza ya steroidi, ya kupunguza uvimbe, na maji ya chumvi ya kusafishia, nitumie wiki kadhaa kwanza. Nyama za pua, zile zilizoota kwenye kuta za pembeni kwa ndani na huwa zinavimba, zilipungua kweli na nikapata nafuu kiasi, ila gegedu (ule mfupa laini wa ukuta wa kati) lililopinda halinyooshwi na dawa.

Ndo tukaja kwenye kipimo ambacho kilinishangaza kwa urahisi wake. Baada ya kuniingizia kamera nyembamba akaniambia weka kidole kwenye shavu karibu na pua, livute pembeni taratibu, alafu vuta pumzi. Hewa ikaingia! Akanieleza kwamba juu kidogo ya tundu kuna sehemu nyembamba kuliko zote kwenye njia ya hewa, ni kama pembe kati ya ukuta wa kati na gegedu la pembeni, na hiyo pembe kwa kawaida ni nyuzi 10 mpaka 15 tu. Ikibanwa kidogo tu hewa inagoma. Kwahiyo mimi tatizo lilikuwa ukuta uliopinda pamoja na hiyo pembe iliyobanwa. Sasa usivute shavu leo ukajipa majibu, wengi hata wazima wakivuta wanapumua vizuri zaidi, yeye aliunganisha na alichokiona kwenye kamera.

Baada ya hapo nilitafuta maoni mengine kwa daktari wa urembo. Jamaa ni mcheshi, ana kompyuta kali, akanipiga picha na baada ya dakika chache pua yangu kwenye skrini imekuwa nyembamba imechongwa, mimi mwenyewe nikaipenda. Nikamuuliza, "Dokta, na kupumua je?" Akasema hiyo itakaa sawa yenyewe. Hiyo "yenyewe" ndo ilinitoa pale. Nikarudi kwa yule wa kwanza, akaniunganisha na mwenzake anayefanya yote mawili kwa pamoja, na huyu maongezi yetu karibu yote yalikuwa ya ndani ya pua, sura ikaja mwishoni.

Alichonieleza ni hivi. Pua ni kama hema, ukuta wa kati ndo nguzo, nguzo ikilala na turubai linalala nayo, huwezi kuvuta turubai peke yake likakaa. Ukikwangua kinundu cha juu na kusogeza mifupa ili pua iwe nyembamba, ile pembe ya nyuzi 10 unaibana zaidi, na mtu anatoka na pua nzuri isiyopitisha hewa. Ili isitokee, wanachukua vipande virefu vyembamba vya gegedu wanavichomeka juu, kila upande kimoja, kati ya ukuta na gegedu la pembeni, vinatanua njia na hapohapo vinanyoosha mgongo wa pua. Yaani kipande kilekile kinafanya kazi ya hewa na kazi ya sura. Na gegedu lenyewe linatoka kwenye ukuta uleule uliopinda, sehemu ya katikati, ila hawaruhusiwi kulimaliza: lazima wabakize umbo la herufi L, mbele na juu, lenye upana wa kama sentimita 1 au zaidi, la sivyo mgongo wa pua unabonyea baadae. Kama la ukutani halitoshi wanakata la sikio, na kwa waliofanyiwa zamani likaisha, la ubavu.

Nyama za pua nazo nilimuuliza, maana kuna watu wanasema zitolewe zote umalize kazi. Akasema hapana, zinapunguzwa, hazifutwi. Ndo zinazopasha hewa joto na kuitia unyevu, na wapo waliotolewa nyingi mno wakabaki na pua pana kabisa lakini wanahisi hawapati hewa, na hao kuwatibu ni ngumu.

Kwenye sura nilienda na picha zangu mwenyewe za kabla ya kuvunjika, sio za msanii. Nikamwambia nataka inyooke, kinundu kipungue, nisije nikawa mtu mwingine. Akaniuliza maswali ambayo mwanzo yaliniudhi: kwa siku unaiwaza pua mara ngapi, nani amekutuma, ikinyooka unategemea nini kibadilike kwenye maisha. Baadae nikaelewa kuna watu shida inakaa kwenye namna wanavyojiona, hao hata ufanye operesheni ngapi hawaridhiki, na daktari mzuri anatakiwa awatambue kabla hajashika kisu. Binafsi daktari asiyeuliza hayo ningemuogopa. Nikataka pia matundu yapunguzwe, akasema hilo tuliache, linaweza kufanyika baadae kwa ganzi ya kawaida, ila kilichokatwa hakirudi. Alafu ngozi yangu ni nene, na ngozi nene haionyeshi vichongo vidogovidogo, ukikata magegedu ya ncha ukitarajia ncha kali unapata ncha iliyolegea. Wenye ngozi nyembamba wana shida yao pia, kila kibonge kidogo kinaonekana.

Maandalizi sio mengi. Aspirini na ibuprofeni nikaambiwa niache wiki 2 kabla, pamoja na vidonge vya kitunguu saumu na vitamini E kwasababu vinazidisha kutoka damu, sigara kabisa hapana. Kingine niliomba waandike mbalimbali gharama ya upande wa kupumua na ya upande wa sura, maana bima zikikubali huwa ni ule wa kupumua, na ukisubiri uulize baada ya operesheni utazungushwa sana.

Operesheni yenyewe ni nusu kaputi, unalala unaamka. Ya aina hii huwa masaa 2 mpaka 4. Wanapasua mkato mdogo chini ya pua, kwenye kile kinguzo kati ya matundu mawili, kovu langu saivi mpaka nikuonyeshe.

Maumivu sikuyaona makubwa nilivyotegemea. Kilichonitesa ni kuziba. Ndani nimewekewa vibao vya silikoni vya kushikilia ukuta, nje plasta ngumu, pua imevimba, hewa ni ya mdomoni tu, na usiku ule wa kwanza nilishtuka usingizini nikahisi nakabwa. Dada yangu aliyekuwa ananiuguza akaniambia, "We, mdomo nao ni njia, tulia upumue polepole." Akanikalisha, akaninywesha maji kidogokidogo, ikapita. Tangu hapo nikajua hofu ndo inaongeza kukosa hewa. Nilikuwa nalala nimeegemea mito mingi kichwa juu, chupa ya maji pembeni, mafuta ya mdomo pembeni, na kitambaa chenye maji ya baridi naweka kwenye macho na mashavu, sio juu ya pua. Mashati ya vifungo mbele tu, fulana za kuvalia kichwani utajigonga ulie. Chafya unapiga mdomo wazi. Kupenga kamasi marufuku wiki 2 na zaidi kidogo, unavumilia na kupuliza maji ya chumvi. Na hili hawalisemi sana: dawa kali za maumivu zinafunga choo, na kujikamua ndo hutakiwi kabisa kwasababu damu inaweza kuanza upya, kwahiyo kunywa maji, kula mboga na matunda, uliza dawa ya kulainisha mapema.

Meno ya juu ya mbele yalikufa ganzi nikadhani wameharibu kitu, kumbe mshipa wa fahamu unaopita chini ya ukuta wa pua unasumbuliwa, ukarudi wenyewe. Kunusa pia kulipotea kwa mda.

Ila kuna dalili ambazo sio za kuvumilia na niliandikiwa kwenye karatasi: pua kuziba ghafla pande zote na maumivu ya kupwita, hasa na homa, inaweza kuwa damu imejikusanya kwenye ukuta, inatakiwa itolewe haraka maana gegedu likikosa damu linakufa. Damu isiyokata pia, na maji meupe kama maji ya kunywa yanayodondoka puani. Hapo unarudi hospitali hata iwe usiku wa manane.

Siku ya kutoa vibao, kile kitu kinatoka kirefu mpaka unashangaa kilikaa wapi. Nikavuta pumzi ya kushoto, baridi ikagonga mpaka nyuma ya macho, nikacheka peke yangu. Dokta akanipoza, akasema usishangilie, itaziba tena kwa uvimbe, na kweli ikaziba. Plasta ilivyotoka nikaona pua ya mtu mwingine, nene, ncha imeangalia juu. Hapa ndo wengi wanachanganyikiwa. Uvimbe mkubwa unashuka miezi ya mwanzo, ncha inachelewa mpaka mwaka, wenye ngozi nene hata zaidi. Mi nilijiwekea utaratibu wa kupiga picha mara moja kwa mwezi, sehemu ileile, mwanga uleule, katikati ya mwezi sijipimi kwa kioo na wala simuulizi mtu. Ilinisaidia kuliko dawa yoyote. Na kwa tunaovaa miwani, isikae juu ya pua wiki 4 mpaka 6, mi nilikuwa naining'iniza kwa plasta kwenye paji la uso, kila mgeni anacheka, nacheka nae.

Matokeo? Kushoto napumua, nalala nimefunga mdomo. Kukoroma kumepungua hakujaisha. Aleji iko palepale, operesheni haitibu aleji, kwahiyo dawa ya kupuliza naendelea nayo. Kwa mbele ukikodoa macho kuna kakona kadogo kamebaki, gegedu lililokaa limepinda miaka mingi linapenda kurudi lilikotoka, na hilo niliambiwa kabla. Takwimu zinazotajwa sana ni kwamba watu 5 mpaka 15 kwa kila 100 wanarudia, na kurudia kwenyewe unasubiri angalau mwaka upite. Kwa kakona haka mi sirudi.

Watu wengi hawakugundua chochote. Shangazi aliniangalia weee akaniuliza kama nimepungua uzito.

Kwenye ukaguzi wa mwaka dokta aliniuliza kuhusu yale matundu, kama bado nataka yapunguzwe. Nikavuta pumzi pale kwenye kiti, kushoto, kulia, nikamwambia hapana, hewa niliyoipata sitaki tena kuigusa.