Anatosha nini, madamu?

Ni usiku wa Pasaka na umeme haujarudi tangu jana mchana, naandika kwa simu nikiwa nimekaa barazani karibu na mbabula, jiko la mkaa, ya mama mwenye nyumba, makaa bado mekundu na sufuria ya maji ya kuoga iko juu. Nilipokuja nilijiambia miezi ya mwanzo siandiki kitu maana nilijijua, ningeandika malalamiko tu. Sasa ni Aprili, nilivuka mpaka wa Kasumbalesa, kutoka Zambia kuingia Kongo, Septemba jua likiwa kali na vumbi jekundu mpaka kwenye meno, malori ya shaba yamepanga foleni usione mwisho wake yote yanaelekea kwetu Dar. Mvua zimekuja na sasa zinaaga. Basi niandike.

Nipo Lubumbashi, Katuba. Kanisa letu ni dogo, bati bila dari, na Jumapili asubuhi kabla ya ibada ya wakubwa kuna Ekodimu, ndivyo wanavyoita huku Sunday school, alafu Jumanne na Alhamisi jioni tunawafundisha kusoma na kuandika wale ambao darasani wameachwa nyuma. Mimi ni monitrisi, mwalimu wa Ekodimu, kama wenzangu ila watoto wananiita madamu. Wadogo kabisa wananiita yaya, na siku ya kwanza liliniuma kidogo maana kwetu yaya ni dada wa kazi, kumbe huku yaya ni kaka au dada yako mkubwa, mtu wa kumkimbilia. Sasa nikiitwa hivyo naitika haraka.

Kabla sijaja, kwenye semina ya kutuandaa, wenzangu waliokuwa wanaenda Msumbiji walikuwa wanahenya na Kireno kila asubuhi. Mimi nikaambiwa wewe huna shida, unaenda kwa Waswahili wenzako. Nikaamini kabisa. Nikaona Mungu kanirahisishia, nitashuka kwenye basi na kuanza kufundisha. Na kweli nilianza hivyohivyo, Jumapili ya pili tu nikapewa watoto wa miaka sita mpaka tisa, somo lilikuwa kuvuka Bahari ya Shamu, nikauliza nani anaweza kutusimulia, binti mmoja mdogo akasimama, gauni la njano lililoshonwa upya begani, akaanza kwa sauti kubwa kabisa, "Batoto ba Israeli balifika ku mayi..." nikamkata hapohapo. Nikamwambia sema watoto wa Israeli walifika kwenye maji. Kwa upole, na tabasamu juu. Akarudia vizuri neno kwa neno, akakaa.

Hakunyoosha mkono tena. Oktoba yote, Novemba, kimya. Anakuja, anaimba, anapokea uji, anaondoka. Nikasema ana aibu huyu. Mpaka mama mmoja tunayefundisha naye akaniita pembeni tukiwa tunaosha vikombe, akasema taratibu, "Madamu, ule mutoto ananyamaza juu ya weye. Anasema ulisema kinywa yake ni mubaya." Juu ya weye, yaani kwa sababu yako. Nikasema jamani mama, sikusema hivyo. Akasema, "Hukusema. Yeye alisikia vile."

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nimekuja kumwambia mtoto kwamba Mungu anamsikia, na kitu cha kwanza nilichomfundisha ni kwamba anavyoongea mama yake sivyo inavyotakiwa kuongea mbele za Mungu. Hilo nalikiri hapa bila kulipamba.

Na lugha yenyewe hata si kwamba wameiharibu ya kwetu, hilo nimelielewa baadaye. Mji huu ulianzishwa 1910 kwa ajili ya shaba, watu wakaletwa kwenye machimbo kutoka kila upande, Waluba, Wabemba na wengine wengi, Kiswahili kikawa cha wote na kila mmoja akatia chumvi yake. Na zamani kabla ya hapo kuna habari ya Msiri. Mzee mmoja wa kanisa aliponiuliza kwetu ni wapi nikamwambia Bukombe, mimi ni Msumbwa, akanishika mkono akacheka kwa furaha, "Basi weye ni mu Yeke!" Maana Msiri aliyetawala Bunkeya, kaskazini magharibi mwa hapa, alitokea Usumbwa, baba yake alikuwa anafuata biashara ya shaba, na watu wake ndio Bayeke mpaka leo. Mmisionari Arnot alipofika Bunkeya mwaka 1886 kuleta Injili alimkuta mtawala mwenye asili ya kwetu. Msiri akauawa Desemba 1891, watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji walipokuja kuichukua nchi. Nilikuwa najiona mgeni wa kwanza wa ukoo wangu kufika huku, kumbe wamenitangulia zaidi ya miaka mia na hamsini, na wajukuu zao wanasema batoto.

(Vijana wao mambo ya Msiri hawana muda nayo, wao wakisikia Mtanzania ni Samatta tu, TP Mazembe, ubingwa wa Afrika 2015. Nimeulizwa mara ngapi kama namjua.)

Sasa ile siku. Ilikuwa Januari, mvua inapiga bati mpaka lazima upaze sauti. Nilikuwa nimeandika ubaoni kwa herufi kubwa YESU ANATOSHA, nataka waikariri, tuiimbe, iwe ya mwaka mzima. Tukasoma pamoja mara tatu. Alafu nikaona mkono, wa gauni la njano. Nikashtuka moyo, nikamwambia sema mama. Akauliza, "Anatosha nini, madamu?"

Sikuelewa swali. Nikajibu kama tunavyojibu kwetu, anatosha kwa kila kitu. Akakunja uso, akaangalia ubao, akaniangalia mimi. "Anatosha bintu yote? Na shiye, atatuachia nini?"

Mwenzangu ndiye aliyeniokoa, akaninong'oneza kwamba huku kutosha ni kutoa, kuondoa. Unatosha viatu, unatosha takataka. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya watoto arobaini nawaambia Yesu anaondoa, na nilipoulizwa anaondoa nini nikasema kila kitu. Na yule mtoto hakuwa anauliza kwa mchezo. Baba yake ni kreseri, mchimbaji mdogo wa madini, anachimba huko Kolwezi, anakaa miezi bila kutuma kitu, na Desemba mwenye nyumba alikuwa amewatolea vitu nje, godoro, masufuria, kila kitu kwenye matope, mtaa mzima unaangalia. Yeye alijua vizuri kutosha bintu yote kunafananaje.

Nilipiga magoti ili tuwe sawa. Nikamwambia hapana, bintu yako hatosha. Anatosha zambi, yaani dhambi. Anatosha na woga. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufungua mdomo na kusema kama wao, na ilinitoka vibaya, lakini hakunirekebisha. Nikampa chaki. Akaenda ubaoni akaandika ZAMBI mwishoni mwa maneno yangu, Z imegeuka nyuma, akapuliza vumbi la chaki vidoleni akarudi kukaa.

Tangu hapo nasoma Biblia yangu kwa masikio mawili. Neema yangu yakutosha, ule mstari wa Wakorintho nimeujua tangu niko kipaimara, nilikuwa nausikia kama sahani iliyojaa. Sasa nasikia pia mkono unaomtoa mtu matopeni. Sijui walimu wa lugha watasema nini ila mimi yote mawili nimeyahitaji mwaka huu.

Mengine nimezoea tu. Bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, nakula vizuri, munkoyo, kinywaji chao cha mahindi, bado unanishinda. Kuhesabu wanahesabu Kifaransa, hata bei ya nyanya, na watoto ndio wanaonifundisha jioni tukimaliza kusoma. Dola iliyochanika hata kidogo pembeni hakuna anayeipokea, wiki hii nimerudi bila chaki kwa sababu hiyo. Nyumbani nawakumbuka sana mida ya jioni, kwao saa inatangulia moja, nikisema nipige mama kashalala.

Leo asubuhi nilimwomba yule binti asimulie Pasaka. Sikumkata hata mara moja. Alipofika kaburini akasimama, akawageukia wenzake, akauliza, "Nani alitosha libwe?" Libwe ni jiwe. Mikono ikaenda juu, wavulana wa nyuma wakapiga kelele Yesu, Yesu mwenyewe, alisukuma toka mule ndani. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Ni malaika. Alitosha libwe juu ba mama baingie."