Komwe Moja, Usiku Mmoja: Tulivyochagua Miji ya Safari Yetu ya Ulaya

Ukiwaambia watu wa Tanga unakwenda kutembea Ulaya, wanakuuliza: Ulaya gani? Nyumbani kwetu swali hilo lilitutoa jasho kuliko kutafuta nauli yenyewe.

Kila mtu alikuwa na mji wake. Binti yetu Salma alitaka Paris, apige picha na ule mnara. Baba Salma alitaka London kwa ajili ya mpira, basi, hana jingine. Mimi nilikuwa na Berlin. Wifi yangu, ambaye hata haendi, akatuongezea Venice. Wiki ilipoisha karatasi ilikuwa imejaa: Brussels, Vienna, Zurich, Amsterdam. Ukiisoma unaona hii si likizo, ni ratiba ya utingo.

London ndiyo iliyotoka mwanzo, na haikutolewa na mimi. Viza ya Schengen inakupitisha kwenye nchi 29, lakini Uingereza haimo, na Ireland pia haimo. Ukitaka London unaomba viza nyingine, unalipa ada nyingine, unasubiri upya. Uswisi imo, ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, kwa hiyo Zurich ilipona hapo; ilikuja kuuawa na bei zake. Baba Salma alinuna hadi magharibi.

Baada ya hapo ubishi ukawa wa maneno matupu, kila mtu anautetea mji wake, mpaka nikachukua komwe za bao la mume wangu. Nikahesabu komwe sawasawa na siku tutakazolala huko, hakuna ya ziada. Nikatandika mkeka, nikaandika kila mji kwenye kipande cha karatasi, nikawaambia: haya, gaweni. Komwe moja, usiku mmoja. Sharti langu lilikuwa kwamba mji usiopata komwe tatu unatoka, kwa sababu siku ya kuhama mji huwa imekufa. Asubuhi unafunga mizigo na kurudisha ufunguo, mchana uko kwenye treni, jioni unatafuta hoteli mpya na begi linakuburuta. Kulala siku moja Brussels ni kwenda kuiona stesheni ya Brussels.

Salma aliweka zake zote Paris. Baba yake akazitoa mbili kimyakimya, akapeleka Amsterdam. Wakakamatana. Nilicheka, lakini kwa mara ya kwanza waliona kwamba ukiongeza huku unapunguza kule, jambo ambalo nilikuwa nimelisema kwa mdomo wiki nzima bila kusikilizwa. Vienna na Venice zilibaki bila hata komwe moja. Wifi alipopigiwa simu alisema hatuna ladha.

Paris iliniuma kuitoa, nakiri ni mji wa kuonekana. Tatizo ni ramani. Ndege iliyotufaa kutoka Dar es Salaam ilikuwa ya kutua Amsterdam. Kutoka hapo Paris ni zaidi ya saa tatu kwa treni ya kasi, kuelekea kusini, na Berlin iko mashariki, safari ya saa kama sita. Kuziunganisha zote ni kwenda na kurudi njia ileile, nauli juu ya nauli. Nikamwambia Salma tunachagua upande. Tukachagua mashariki.

Sasa katikati ya Amsterdam na Berlin kuna nini? Hapa ndipo nilipopigania Hamburg, mji ambao haukuwamo hata kwenye karatasi. Marehemu baba yangu alifanya kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, kwenye ile mashine ya kukwangua majani ambayo wafanyakazi huiita korona. Alikuwa akipenda kutusimulia mkonge ulivyoingia: Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika Tanga hai mwaka 1893 ilikuwa 62 tu. Mji uliopitisha mkate wetu nitaupita kwa treni nikichungulia dirishani? Nilisema sipiti. Tena bandarini pake kuna Speicherstadt, maghala ya matofali mekundu yaliyojengwa kandokando ya mifereji, yakihifadhi kahawa, viungo na mazulia; UNESCO iliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2015. Baba Salma, mtu wa bandari, hapo akalainika.

Hamburg ikatuzalia na Eckernförde, mji mdogo wa pwani ya Baltiki ambao ni mji dada wa Tanga. Huu haukuhitaji komwe. Unatoka Hamburg asubuhi, unabadilisha treni Kiel, jioni umerudi kwenye kitanda chako kilekile. Mji wa namna hii, unaofikika bila kuhamisha begi, mimi siuhesabu kama mji, ni matembezi.

Berlin sikuijadili na mtu. Nilitaka kumwona mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, amesimama kwenye jumba la makumbusho akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Mjadala wa kurudishwa kwake naufahamu na nina upande wangu, lakini nilitaka kwanza nimwone.

Miji ilipokwisha kutulia, mengine yalijipanga yenyewe. Viza ya Schengen inaombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi; zikilingana, kwa nchi utakayoingilia. Komwe za Ujerumani zilizidi za Uholanzi, kwa hiyo tuliomba Ujerumani, ingawa ndege ilitua Amsterdam. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari isipungue euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Alama za vidole unakwenda kutoa mwenyewe, kwa hiyo weka na nauli ya Dar. Tiketi tulikata ya kuingilia Amsterdam na kutokea Berlin. Usirudi ulikotoka kwa sababu tu ulitua hapo.

Mwezi nao tuliupima. Juni jua la Hamburg linazama karibu na saa nne usiku, na mtu anayeswali akishasubiri magharibi mpaka saa hizo, isha inamkuta amechoka. Tukaenda Septemba. Hoteli ya Hamburg tukachukua karibu na mtaa wa Steindamm, nyuma ya stesheni kuu, ambako maduka ya Waturuki na Waarabu yamejaa na nyama ya halali si ya kutafuta.

Tulichokifaidi kuliko vyote ni Eckernförde. Huko kuna samaki wadogo wa moshi wanaoitwa wa Kiel, na wenyeji watakwambia wazi kwamba ni wao, jina la Kiel lilitokana na mihuri ya stesheni ya Kiel kwenye masanduku. Wanaliwa wazima, kichwa na mkia, kama dagaa. Baba Salma alimaliza boksi zima kwenye benchi la ufukweni, akafungua la pili, akaniuliza kwa nini hatukukipa kijiji hiki komwe tatu.